Niliomba Tangi

Jumatatu, 9 Julai 1984

Nimepima tangi kabla ya kengele. Kijiti kimelowa mpaka alama ya tano. Mvua ya masika ilinyesha siku tatu ikaondoka zake. Alama tano zatosha uji wa mchana hadi shule zifungwe Agosti, na kikombe kimoja cha kunywa kwa kila mtoto saa nne. Basi. Hakuna kunawa miguu. Ufunguo wa tangi naufunga shingoni kwa uzi.

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Bwana Mwakio hajui kuomba kitu moja kwa moja, kwanza husifu. Akasifu nyumba yangu. Nikajua. Wageni wa Mchungaji Yeremia wanafika kesho kutoka Marekani. Wanawake watalala kwangu, wanaume watalala darasa la sita. Darasa la sita watasomea nje. Mimi nitalala stoo na magunia ya unga.

Nimehamisha kitanda, sanduku la nguo, na picha ya marehemu mume wangu Katana. Stoo ina panya. Ina harufu ya mafuta ya taa.

 Nimenyamaza kwa sababu moja tu. Mwezi wa Januari niliwaandikia wageni hawa barua kwa mkono wangu, kwa Kiingereza, kuwaomba tangi la pili la shule pamoja na mifereji ya kukinga maji ya paa. Mchungaji aliipeleka Kilifi ikapigwe chapa. Juzi akaniambia, "Mwalimu Kadzo, barua yako imejibiwa. Wanakuja kujenga kanisa, na hayo mengine yatafuata." Kwa tangi nitalala na panya wiki mbili.

Jumanne, 10 Julai

Wamefika saa nane. Tuliambiwa saa nne. Watoto walipangwa kando ya njia na matawi mikononi tangu asubuhi. Mmoja wa darasa la pili akaanguka kwa jua. Nikamtoa mstarini nikampa kikombe changu. Mchungaji akanikazia macho kwa kuharibu mstari.

Ni kumi na wanne. Kiongozi wao ni Bwana Glen, mtu mzima, mnene, mpole. Anamshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. Waliobaki ni vijana wa vyuo. Wawili walishuka garini huku wanalia. Walikuwa hawajaona kitu bado. Walilia nini?

Mavyaa, mamake Katana, alicheza mbele ya watu wote, kanga imefungwa kiunoni. Tangu tumzike mwanawe, miaka mitatu sasa, sikumwona akicheza. Nilifurahi kwa hilo. Kwa hilo tu.

Lori limeshusha saruji, nondo, mbao, mawe ya kukata, masanduku ya vyakula vyao vya mkebe na mitungi ya maji yao ya kunywa. Nililizunguka mara mbili. Tangi halimo.

Jumatano, 11 Julai

Msingi umeanza. Fundi ni Nzaro, mtu wa Junju, ameajiriwa na Mchungaji. Hana dini na wala hajifichi. Wageni wanashika jembe kama wanaopiga nyoka. Kufika saa tano mikono yao imetoka malengelenge, wamekaa wanafungana bendeji. Vijana wetu wenye nguvu wamesimama pembeni wanatazama, maana wameambiwa hii ni kazi ya wageni.

Lori la maji kutoka Kilifi halikuja. Mwalimu Mkuu akanijia: "Fungua tangi, Mwalimu. Leo tu." Nikafungua. Zege la msingi lilikunywa mapipa mawili. Nzaro akaniambia kwa sauti ya chini, "Hayo si kitu. Haya mawe ya matumbawe yanakunywa kuliko ng'ombe. Usipoyalowesha kwanza, udongo wa saruji haushiki. Na mwisho kuna lenta, zege la juu ya kuta."

Jioni wakatundika ndoo yenye matundu nyuma ya nyumba yangu. Bafu. Msichana mmoja, Beti, aliosha nywele mara mbili. Mara ya kwanza kwa sabuni, mara ya pili kwa kitu kingine chenye harufu ya matunda. Maji yalichirizika mpaka mlangoni mwa stoo. Nilisimama nikayatazama yanavyoingia mchangani.

Ijumaa, 13 Julai

Kijiti: alama ya nne, chini kidogo.

"Leo tu" imekuwa siku tatu. Lori la maji lilikuja jana mara moja, nusu tupu, limevuja njia nzima. Dereva akasema huenda akarudi, huenda asirudi.

Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la tano. Wageni wawili wakaingia bila kubisha hodi, wakarusha peremende. Watoto wakavunja dawati. Mmoja akapiga picha ya fujo ile. Nikawatoa. Nikatabasamu nikiwatoa, nami najichukia kwa tabasamu lile.

Nimemuuliza Mchungaji habari ya tangi. Akasema, "Linakuja." Nikauliza lini. Akasema niwe na subira, akageuka kumwita mtu ambaye hakuwapo.

Jumapili, 15 Julai

Ibada kwenye kibanda tunachosalia. Makuti yamechakaa, jua lapenya kama kwenye chujio. Bwana Glen alihubiri, Mchungaji akitafsiri. Alisema wao hawakuja kutoa bali kupokea. Hilo nalikubali.

Mwishoni Mchungaji akasimama peke yake, kwa Kigiriama. Akasema kuta zinapanda na maji ni haba. Kila mama wa kanisa alete debe moja kila siku kutoka bwawani, iwe ni sadaka yake. Wageni wametoka ng'ambo ya bahari, sisi tutashindwa kutoka bwawani?

Bwawa liko mwendo wa saa mbili kwenda, na kurudi ukiwa umetwikwa ni zaidi. Tena limebaki tope.

Wa kwanza kusimama alikuwa mavyaa. Hajui miaka yake, lakini sabini imempita. Alisimama na mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanawake wengine wangefanyaje? Wakasimama wote.

Nilibaki nimekaa. Waliniona.

Jumatatu, 16 Julai

Mavyaa aliondoka na wenzake kabla ya kucha. Wenzake walirudi saa tano. Yeye saa saba. Nilikuwa mlangoni mwa darasa, chaki mkononi, nilipomwona akiingia uwanjani na debe kichwani, shingo imekaza, anatembea kama anayekanyaga mayai. Nikatoka mbio.

Beti alinitangulia. Alisimama mbele yake na kamera, akamwashiria asimame. Mavyaa akasimama. Debe li kichwani. Beti akarudi hatua moja nyuma, akainama, akahamia upande wa pili atafute mwanga.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Mtue kwanza. Halafu piga picha."

Alicheka. Alidhani ni mzaha. Nikamtua mimi. Mavyaa akapangusa maji usoni. Akaniambia nisiwe mkali kwa mgeni.

Debe lile lilimwagwa juu ya mawe matatu. Nimehesabu. Matatu.

Jumanne, 17 Julai

 

Bwana Glen aliniita baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yangu, kwenye kiti changu, na jalada magotini. Akasema alitaka kunishukuru binafsi, kwa kuwa barua yangu ndiyo iliyowaleta. Waliisoma kanisani kwao Jumapili tatu mfululizo. Watu walilia. Akaitoa anionyeshe.

Imepigwa chapa vizuri. Jina langu li chini, na cheo changu. Maneno ni yangu. Nilivyoeleza watoto wanavyokwenda bwawani na kufika shuleni wamechoka, yote yamo. Nilivyoeleza uji, umo. Hakuna kilichoondolewa. Ila pale nilipoandika tangi pameandikwa kanisa.

Kwa hiyo barua inasema: watoto wetu wanatembea saa mbili kutafuta maji, wanasinzia darasani kwa kiu, kwa hiyo tunawaomba mtujengee kanisa.

Na hao watu wazima wenye akili waliisoma barua hiyo Jumapili tatu, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza.

Nilimrudishia. Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Jumatano, 18 Julai

Nilimngoja Mchungaji Yeremia penye rundo la mchanga. Hakuna salamu ndefu. Nikamwambia nimeiona barua.

Hakukana. Nilijiandaa kwa uongo, nao haukuja. Alipangusa vumbi kwenye miwani, akaniambia, "Mwalimu, hawa watu hawajengi matangi. Kanisa lao hutuma watu kujenga makanisa, hiyo ndiyo kazi yao. Ningeacha neno lako, barua ingetupwa, na wasingekuja kabisa."

"Kwa hiyo ukaliuza jina langu."

"Barua yako ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi niliandika mara nne, miaka minne. Hawakunijibu hata mara moja."

"Na maji ya watoto?"

"Wakishatupenda tutawaomba. Kanisa kwanza, kisha tangi. Mwakani."

Ana viatu vilivyopasuka upande. Amekuwa akihubiri kwenye kibanda kile miaka kumi na miwili. Nayajua hayo yote. Sikutaka kuyajua leo. Nilitaka awe mwizi tu, nimchukie kwa raha.

Nikamwambia nitamweleza Bwana Glen. Akasema, "Mweleze. Utakayemuumiza si mimi."

Alhamisi, 19 Julai

Nimemweleza. Yote, taratibu, kwa Kiingereza changu cha chuo. Kwamba niliomba tangi. Kwamba tangi tulilo nalo ndilo wanalolikausha, kwa kuta na kwa nywele. Kwamba likiisha hakuna uji, na mwaka huu wako watoto ambao uji ule ndio chakula chao cha kutwa.

Uso wake ulikuwa mwekundu tangu awali, ukazidi. Akasema fedha zilichangwa kwa ajili ya kanisa, na waliochanga waliahidiwa kanisa, haiwezekani kubadilisha. Akasema amesikitika sana. Akasema wataacha kuoga. Kisha akanishika mikono yote miwili akafumba macho akaanza kuomba. Akaomba Mungu alete mvua.

Mimi sikufumba. Nilimtazama kope zake nyeupe. Nilitaka kuchomoa mikono yangu. Niliiacha pale kama samaki wawili waliokufa.

Kweli, jioni bafu halikutumika. Ila mawe yaliloweshwa kama kawaida.

Na habari imetoka. Sijui nani aliyeitoa. Ilipofika jioni, kijiji kizima kilikuwa kinasema Mwalimu Kadzo anataka kuzuia kanisa.

Ijumaa, 20 Julai

Alama ya kwanza. Kijiti kimelowa urefu wa kidole.

Wanawake waliokuja na madebe wamepita mlangoni kwangu bila salamu. Watatu kati yao nimewafundisha kusoma. Mmoja alitema mate, si karibu yangu, lakini alihakikisha naona.

Kuta zimefika juu. Zimesimama wima kwa sababu Nzaro hubomoa mistari ya wageni wanapokwenda kula, akaijenga upya kwa timazi lake. Wakirudi wanasifia kazi yao. Kesho ni lenta, mkanda wa zege wa kufunga kuta zote juu. Jumatatu wageni wanaondoka. Bila lenta hakuna picha ya kupeleka kwao.

Nzaro nilimuuliza: lenta yataka maji kiasi gani? Akatazama tangi, akanitazama mimi. "Hayo yaliyomo. Yote."

Baada ya uji nikalifunga tangi. Nikamwendea Mwalimu Mkuu mwenyewe nikamwambia kesho sifungui. Alianza kusifu kazi yangu. Nikamkata. Ndipo akasema najua kwamba ofisi ya elimu inaweza kunihamisha wakati wowote, na huko wanakohamishiwa wakaidi ni mbali. Nikamwambia aandike barua. Nikamwambia ahakikishe anaiandika mwenyewe, asiwape watu wa kupiga chapa.

Sijui kama alielewa. Mimi nilijisikia vizuri kwa muda wa kutembea kutoka ofisini hadi stoo.

Jumamosi, 21 Julai

Nilikaa mlangoni mwa stoo, kando ya tangi, tangu asubuhi, ufunguo shingoni. Mchanga na kokoto vilikuwa vimeshachanganywa na saruji kavu. Wageni walikaa kwenye kivuli wakiimba na gitaa. Mchungaji alikuja. Akaenda. Mwalimu Mkuu alikuja. Akaenda. Vijana wawili walikuja na shoka, wakalitazama kufuli, wakanitazama. Niliwaambia wapige. Hawakupiga. Niliwafundisha wote wawili.

Saa nne akaja mavyaa.

Alikuja peke yake, amevaa gauni la Jumapili. Nikainuka nikampa kiti. Akakikataa, akakaa juu ya gunia la unga.

"Kadzo."

"Mama."

"Ni wewe uliyefunga."

"Ni mimi, mama. Kwa ajili ya uji wa watoto."

"Najua. Wajukuu zangu wanaunywa." Akalinyoosha gauni magotini. "Wakumbuka siku tulipomzika Katana?"

Nakumbuka. Mvua ilinyesha siku ile. Kibanda kilivuja, jeneza likalowa mbele ya watu, na ndugu za marehemu baba yake, wasio wa kanisa, wakasimama nje wakicheka. Walisema tunamwabudu Mungu asiye na nyumba. Mavyaa alivua kanga yake akafunika jeneza. Alibaki na gauni tu, mvua inampiga. Nakumbuka.

"Mimi siku ya kuzikwa nataka kutolewa mle," akasema. Hakuonyesha kwa kidole. "Nataka nilazwe ndani ya kuta."

"Mama, watoto watakunywa nini?"

"Watoto watapata mvua nyingine. Mimi sijui kama nitapata Wazungu wengine."

Akanyoosha mkono. Hakuomba tena. Kiganja chake kimekauka, kina mifereji.

Nikautoa uzi shingoni nikampa.

Sikumpa kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya haki. Hayakuwa. Nilimpa kwa kuwa ni mamake Katana. Watoto mia na kitu upande mmoja, bibi mmoja upande wa pili, nami nikampa bibi. Naandika hivi ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilinyang'anywa.

Wakamimina lenta mpaka saa kumi. Walipiga kelele za furaha kila ndoo ilipopanda. Mwisho wakalilaza tangi ubavu kutoa yaliyobaki chini.

Jumapili, 22 Julai

Wameweka wakfu kuta. Paa hakuna. Mabati hayakuwa kwenye bajeti ya safari hii, amesema Bwana Glen. Kundi jingine litakuja nayo mwakani, au mwaka wa pili wake. Watu walipiga makofi.

Sikuingia. Nilisikiliza nikiwa stoo.

Mavyaa alipewa mkasi akate utepe. Nilisikia vigelegele.

Jumatatu, 23 Julai

Wameondoka. Waliacha kofia, nusu chupa ya ile sabuni ya nywele, na Biblia za Kiingereza ambazo hapa hakuna anayeweza kuzisoma ila mimi na Mwalimu Mkuu. Beti alinikumbatia. Alilowesha bega langu kwa machozi, akasema hatanisahau kamwe. Nilisimama wima. Nilitaka kumwambia kitu kibaya, nikatafuta, nikaona ni mtoto tu wa watu, miaka kumi na tisa, hajui alikokuwa. Hilo liliniudhi zaidi. Ningependa awe mkubwa, anayejua.

Bwana Glen aliniambia anaombea tangi langu.

Saa nne watoto walipanga mstari na vikombe. Kila siku hupanga, hakuna aliyewaambia wasipange. Nikatoka nikawaambia maji hakuna. Wakaendelea kusimama. Darasa la kwanza hasa. Walidhani nimechelewa tu.

Jumatano, 25 Julai

Jana kila mtoto aliambiwa aje na chupa ya maji ya kwao. Wachache walikuja nayo. Yalikuwa ya bwawani, rangi ya chai ya maziwa. Leo wanane wanaharisha. Muuguzi wa zahanati amekuja kwa baiskeli akasema nisimpe mtu maji yale bila kuchemsha. Kuni zipo. Unga upo, magunia tisa, nalala nayo. Maji ya kuchemshia ndiyo hayapo.

Mwalimu Mkuu ameifunga shule. Wiki moja na nusu kabla ya wakati. Alitangaza kwenye mlingoti kwa sauti ya chini, hakusifu kitu. Watoto hawakushangilia. Kwa kawaida hushangilia.

Dama wa darasa la tatu alibaki nyuma. Akaniuliza kama uji utakuwapo siku za likizo. Nikamwambia hapana. Akasema, "Haya, Mwalimu. Kwaheri." Akaenda.

Nimemgawia kila mtoto aliyekuwa bado uwanjani unga vibaba viwili kwenye karatasi za daftari. Sikuomba ruhusa. Atakayetaka kuniandikia barua na aandike.

Nimerudi nyumbani kwangu. Vitanda vimesogezwa. Ukutani juu ya jiko mtu ameandika kwa kalamu kwamba Mungu ni upendo, na chini yake majina yao wote kumi na wanne. Nimesugua kwa majivu. Hayatoki.

Ijumaa, 27 Julai

Bwawani na kurudi. Nimeshika njia na wanawake. Hakuna aliyenisemesha kwenda. Kurudi, yule aliyetema mate akanisaidia kujitwika.

Shingo inauma. Nilikuwa nimesahau uzito wa debe. Miaka mingi nimekuwa mwenye ufunguo.

Jumapili, 29 Julai

Ibada imerudi kibandani. Ndani ya kuta hakukaliki, jua laingia lote na mawe yanatoa joto kama tanuri. Mchungaji alisema ni kwa muda tu. Alionekana amechoka. Aliniamkia, nikamwitikia.

Mavyaa hakuwamo kibandani. Nikatoka wakati wa nyimbo kumtafuta.

Alikuwa kanisani, peke yake. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, pale ambapo ukuta wa mashariki ulikuwa umebakiza kivuli chembamba. Miguu kanyoosha mbele. Alikuwa amelivaa lile gauni.

"Mama, huku kuna jua."

"Naliona."

Kibandani walikuwa wanaimba, sauti ilifika kidogo. Akajivuta upande, taratibu, akapapasa ardhi pale alipokuwa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Upande ule wa ukuta ulikuwa bado una ubaridi wa alfajiri. Kivuli kilikuwa kinapungua, tukakunja miguu. Baada ya muda akalala usingizi, kichwa begani mwangu, mdomo wazi kidogo. Nilikaa bila kujitikisa.